Kosa Lisilo na Anwani

Mtu aliyezoea kuandika tovuti kwa mkono, siku akihamishiwa kwenye programu ya kujenga kurasa kwa kuburuta, huanza kwa kulalamikia mambo madogo. Programu nzito. Vitufe vimejaa mpaka pembeni. Matangazo ya toleo la kulipia hayamwachi apumue. Asikilizwe kwa adabu, lakini asiaminiwe, maana hayo siyo yanayomkera. Kinachomkera ni kwamba makosa yake yamenyang'anywa anwani. Ukisahau nukta-mkato kwenye PHP, seva inakuzomea mbele ya wateja, ila inakuzomea kwa utaratibu: faili fulani, mstari wa 212. Mara nyingi kosa lenyewe liko mstari wa 211, lakini hiyo si neno. Imekosewa nyumba moja tu, mtaa ni uleule. Katika programu ya kuburuta hakuna mtaa. Kichwa cha habari kimesogea kushoto kiasi cha upana wa kucha, hakuna aliyezomewa, na ukurasa mzima unakutazama kwa uso wa mtu asiyejua kitu.

Huko kuburuta kwenyewe kutazamwe kwa karibu. Unashika kichwa cha habari kwa kipanya, unakipeleka juu ya picha. Unatokea mstari wa bluu kuonyesha kitakapotua. Ukisogea kidogo, mstari unahamia chini ya picha; ukisogea tena, unasimama wima, maana yake sasa kichwa na picha vitakaa ubavu kwa ubavu. Unashusha pumzi, mkono unatikisika, unaachia, na kichwa kinaingia kwenye safu ya tatu kule chini kabisa, jirani na namba ya simu ya ofisi. Hapo bado hujagusa nafasi. Uwazi ulio juu ya kichwa unaweza kuwa umetoka kwenye kichwa chenyewe, au kwenye safu, au mandhari ya tovuti, au mipangilio ya jumla, au mipangilio ya simu peke yake ambayo mtu aliigusa akidhani anarekebisha ya kompyuta. Katika matoleo ya mwanzo ya Elementor, programu iliyotoka mwaka 2016, kichwa cha maneno mawili kilikaa ndani ya maboksi sita na zaidi, moja ndani ya jingine, kama sufuria za bibi harusi siku ya kupeleka vyombo. Kila sufuria ina haki ya kudai nafasi yake. Unapunguza kwenye moja, hakuna kinachobadilika. Unapunguza kwenye nyingine, menyu inaruka. Wenye programu wenyewe waliliona hilo, na kuanzia mwaka 2022 wakaleta aina mpya ya boksi ya kufupisha msururu huo. Nalichukua hilo kuwa ushahidi wa upande wangu.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye WordPress, ambayo kwa hesabu za W3Techs inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti. Tarehe 6 Desemba 2018 toleo lake la 5.0 lilitoka na kihariri kipya, Gutenberg, ambamo kila aya, kila picha na kila kitufe ni bloku yake. Jina ni la yule Mjerumani wa herufi za chapa zinazohamishika. Herufi zake, tofauti na bloku, zilikaa pale zilipowekwa. Kwa ndani, bloku hizi ni HTML ya kawaida iliyozungushiwa maelezo yaliyofichwa yanayosema hapa inaanza aya, hapa inaishia. Mzee wa msimbo akiona HTML hawezi kujizuia. Anafungua, anaongeza sifa moja kwenye lebo, anafunga huku akipiga mluzi. Kihariri kinamjibu kwamba bloku hii ina maudhui yasiyotarajiwa au batili, na kinampa kitufe cha kujaribu kuiokoa. Maudhui ameyaandika mwenyewe, katika tovuti yake, kwa sarufi sahihi ya HTML. Hayakutarajiwa na nani? Akikibonyeza kitufe hicho, aghalabu bloku inaokoka na marekebisho yake yanazama. Programu-jalizi rasmi ya kurudisha kihariri cha zamani inatumika kwenye tovuti zaidi ya milioni 5. Watu wote hao hawawezi kuwa wavivu wa kujifunza.

Kuna wanaosema haya yote ni wivu wa fundi aliyezoea kulipwa kwa kubadilisha namba ya simu. Tuhuma hiyo ina ukweli ndani yake. Mwenye nyumba ya wageni Paje anayetaka kupandisha bei msimu wa Julai ukianza hana sababu ya kumsubiri kijana wa Dar es Salaam ambaye simu yake haipatikani. Karani wa shule anayeweka fomu za kujiunga na kidato cha kwanza vivyo hivyo. Lakini karani huyo huyo, akitaka maandishi yenye ukubwa fulani, huchagua kichwa cha ngazi ya nne kwa sababu kimempendeza. Kwa aliyekaa mbele ya skrini hakuna kilichoharibika. Asiyeona, anayesomewa ukurasa na simu yake, huruka kutoka kichwa hadi kichwa, na sasa anakuta kila aya imejipa ukuu. Nao mzigo wa maboksi unapakuliwa kwa kifurushi cha mzazi aliyeko Nachingwea, ambaye alitaka tu kujua ada. Kisha kikivunjika kitu, anapigiwa nani? Fundi yule yule mwenye wivu, na anatakiwa alitafute kosa mahali pasipo na mistari.

Hoja nzito zaidi ni ya wajuzi wa historia. Watakukumbusha kwamba Tim Berners-Lee, alipotengeneza kivinjari cha kwanza pale CERN mwaka 1990, alikifanya kiwe pia kihariri: ulisoma na kuandika humo humo, bila kulazimika kuandika lebo. Kwa hiyo kuandika HTML kwa mkono ndiko kulikokuwa ajali, na huku kuburuta ni kurudi nyumbani. Nakubali nusu. Mle ulisema maneno haya ni kichwa, haya ni orodha. Ulitaja kitu ni nini. Programu za leo zinakualika uamue kitu kiwe wapi, pikseli ngapi kutoka wapi, wakati wasomaji wengi wameshika skrini ya upana wa kiganja. FrontPage, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 1996, ilikwishaipita njia hiyo, ikaacha sifa ya kumwaga msimbo ambao hakuna aliyeuandika na hakuna aliyetaka kuusoma.

Wanaosema fundi atazoea wako sahihi, ila waangalie anazoea vipi. Baada ya muda haburuti tena. Anafungua ile orodha ya pembeni inayoonyesha nini kiko ndani ya nini, anamalizia kazi zote humo, na ukurasa wenye picha unabaki pale kwa urembo tu. Rangi na nafasi anaziweka mara moja kwenye mitindo ya jumla, kisha anampiga marufuku kila mtu kuzigusa kwenye bloku mojamoja. Vitufe havitafuti, anaandika alama ya mkwaju na jina la bloku anayoitaka. Nakala za zamani za ukurasa anazo, maana WordPress huzihifadhi, lakini mipangilio ya programu-jalizi haimo katika nakala hizo, kwa hiyo ananunua daftari. Chombo cha kutazama amekigeuza kuwa cha kusoma, na hakuna aliyemfundisha. Msimbo wenyewe, kwa kweli, haukufukuzwa. Upo ndani ya kihariri kile kile, kwenye menyu ya nukta tatu, au kwa kubonyeza Ctrl, Shift, Alt na M kwa pamoja. Vitufe vinne: hakuna atakayeufungua kwa bahati mbaya, hata mtoto akikalia kibodi.