Kwa Waziri wa Ujasiriamali: shukrani za vijana wa matope

Mheshimiwa Waziri,

Tarehe 20 Januari 2024, Rais Tshisekedi alipoapa mara ya pili, ajira ilikuwa ahadi ya kwanza kati ya sita. Sisi vijana wa Manguredjipa, Kivu Kaskazini, tuna furaha kukuarifu kwamba huku imekwisha kutimia, tena Kinshasa haikutoa hata faranga moja. Imetimizwa na barabara.

Kutoka Butembo hadi kwetu ni kiasi cha kilomita 100. Mvua ikinyesha, lori la kakao linazama hadi ekseli, na hapo ajira zinazaliwa. Wawili wanachimba, mmoja anakata miti ya kutandika, wengine wanasukuma, na mwenye digrii ya uchumi anapatana bei na dereva. Dereva akikataa hatugombani naye. Giza litamshauri.

Tumesikia habari za PADEMPME, mradi wa kusaidia biashara ndogo na za kati kwa dola milioni 100 za Benki ya Dunia, pamoja na shindano lake la mipango ya biashara. Ulianzia Kinshasa, Matadi, Lubumbashi na Goma, nasi hatumo, lakini mpango wetu huu hapa. Mtaji: koleo. Malighafi: matope, yanayotolewa na Serikali kila msimu kwa wakati (mishahara ya walimu ijifunze hapo). Wateja: kila chenye magurudumu. Hatari: ule Mpango wa Maendeleo wa Maeneo 145, wenye dola zaidi ya bilioni moja na nusu, ulitutia hofu kwa kutaja barabara za vijijini. Kila alfajiri tunakwenda kuangalia. Matope yapo.

Hatari nyingine haimo katika fomu zenu. Mwaka 2024 waasi wa ADF walipoua watu katika vijiji vya sekta yetu ya Bapere, wachimba dhahabu waliacha mashimo, sisi tukaacha makoleo, tukakimbilia Butembo. Huko nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa moja: Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa Serikali. Hawaulizi diploma wala uzoefu, mradi nawe usiulize mshahara. Baadhi yetu walikwenda. Hatujui mnawahesabu kwenye takwimu gani, za ulinzi au za ajira.

Tunaomba jambo moja tu. Siku mtakayotuma katapila, tupeni taarifa mapema, kama mwajiri yeyote anayeachisha watu kazi. Na wa kuiendesha mumtoe hapa hapa: kila shimo tunalijua kwa jina.

Vijana wa matope,
njia ya Butembo–Manguredjipa