Viberiti 24 vya Mkamwana

Jioni ya Jumapili, 1 Desemba 2024, nyumba ya mama mkwe wangu kule Kigwa, Tabora, ilikuwa na njiti za kiberiti zinazokaribia elfu moja, zimejaa kwenye kopo la maziwa ya unga, na hapakuwa na hata moja iliyokubali kuwaka. Kuni zimeshapangwa kwenye mafiga. Maharage yanasubiri. Umeme ulikatika tangu mvua ya saa tisa. Mama mkwe alichukua njiti, akaikwaruza kwenye jiwe. Akachukua nyingine, akaikwaruza kwenye ubavu wa sufuria. Ya tatu aliikwaruza ukutani, ikakatika kichwa. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa upole ambao nimejifunza kuuogopa: "Mkamwana, makasha yake yako wapi?"

Makasha yalikuwa yananing'inia barazani kwenye kamba ya katani, yote 24, nimeyavika karatasi ya pinki na kuyaandika namba kwa kalamu ya wino mzito. Nilikuwa nimeyavika pande zote. Nikisema pande zote namaanisha hata zile mbavu mbili za kuwashia, ambazo sasa zilikuwa zimelala chini ya gundi na urembo.

Naomba nijieleze. Nina watoto watatu waliozaliwa Dar es Salaam, na kila shule zikifungwa mwisho wa mwaka kazi yao huwa mbili: kuangalia katuni na kuuliza Krismasi imebakiza siku ngapi. Nikijibu ishirini na mbili, baada ya dakika kumi wanauliza tena, kana kwamba nikibanwa vizuri nitapunguza. Mwaka ule nikasema hapana, safari hii kila siku itakuwa na jambo lake. Nimekulia Maneromango, Kisarawe, kwa Walutheri, ambako Majilio huhesabiwa kwa mishumaa minne, kila Jumapili mmoja. Wanasema jambo hilo lilianzia Hamburg mwaka 1839, kwa mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto wa maskini. Nao walimsumbua kwa swali hilohilo la watoto wangu, mpaka akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku nyingine ili kila mtoto ajihesabie mwenyewe. Kalenda za karatasi zenye siku 24 zilikuja baadaye, na Wajerumani haohao ndio waliozichapa. Mimi sina gurudumu wala kiwanda cha uchapaji. Nilikuwa na wazo la viberiti: kila kasha na kikaratasi chenye kazi ndogo ya siku. Ili nipate makasha matupu upesi, nilikomba viberiti vyote vya duka la jirani Jumamosi ile tuliyofika. Njiti nikazimimina kwenye kopo. Nilijiona mwerevu kupita kiasi.

Kwa hiyo mama mkwe alipotuma mtoto dukani, mtoto alirudi na jibu fupi: "Wamesema mkweo kanunua vyote." Kiberiti cha gesi cha shemeji kilikuwa hakina gesi tangu sensa. Nilijaribu kubandua karatasi ya kasha namba 1, ikatoka pamoja na ngozi ya kuwashia, safi kabisa, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Namba 2 vilevile. Gundi niliyonunua ilikuwa nzuri mno.

Mama mkwe hakusema neno. Aliokota kigae cha chungu kilichovunjika, akanikabidhi, akanionyesha kwa kidevu nyumba ya jirani yenye moshi. Hivyo ndivyo nilivyofungua Majilio ya kwanza ya familia yetu: mke wa mtu, mwenye shahada, ninapita kwenye matope na kigae mkononi kuomba kaa la moto. Jirani alinitilia makaa matatu, akayafunika kwa majivu, akauliza kama Dar viberiti vimepanda bei.

Sasa lazima mjue kwamba mimi ni Mzaramo niliyeolewa Unyamwezini, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Utani wenyewe ni mtoto wa njia ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakipita katika nchi yetu, na tangu hapo kila upande unadai mwenziwe ndiye aliyemla. Kigwa iko kwenye njia hiyohiyo. Msafiri Stanley alipita hapo Juni 1871 akielekea Unyanyembe, miezi mitatu baada ya kutoka Bagamoyo. Sisi tulitumia treni ya umeme hadi Dodoma na basi kwa kipande kilichobaki, lakini shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alishikilia kwamba hata Stanley, mzungu wa watu, alifika na kiberiti kinachowaka.

Tatizo la kuwa na mama mkwe ambaye pia ni mtani ni kwamba heshima ya ukwe inakufunga mdomo huku utani ukikudai ujibu. Yeye hana tatizo hilo. Akiwa na jambo zito huniita mkamwana. Akitaka kunimaliza huniita Mzaramo. Kuanzia jioni ile nilikuwa Mzaramo mfululizo mpaka Jumatano.

Tarehe 2 kikaratasi kilisema: okoteni embe kumi nzuri mumpelekee jirani. Niliandika hayo nikiwa Dar, ambako embe moja ina bei. Kigwa, mwezi wa Desemba, embe ziko kila mahali; unazikanyaga ukienda chooni, na usiku unazisikia zikidondoka juu ya bati kama mtu anayekudai. Kumpelekea mtu embe Kigwa ni sawa na kumpelekea mvuvi maji ya chumvi. Lakini watoto walikwenda na bakuli lao, jirani yuleyule wa makaa akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, akakijaza. Embe kumi na tano. Mama mkwe naye hawezi kudaiwa, akatuma ndoo. Ndoo ikarudi na beseni juu yake. Kufikia Alhamisi tulikuwa na beseni mbili na ndoo tatu za embe, kifungua mimba wangu anaumwa tumbo, na hakuna nyumba kati ya hizo mbili iliyothubutu kuwa ya kwanza kuacha.

Ilipofika tarehe 5 nikaanza kuona maajabu. Nakumbuka niliandika "Mwimbieni bibi wimbo mmoja." Kitinda mimba alifungua kasha, akasoma kwa kusitasita: "LIMENI MATUTA SITA YA VIAZI KABLA YA CHAI." Herufi kubwa tupu, kama tangazo la mnada. Nilimtazama shemeji. Shemeji alikuwa anatazama mawingu. Tarehe 6: "MPELEKEENI BAMDOGO MAJI YA KUOGA, YA MOTO." Tarehe 7: "MAMA YENU ABEBE KUNI KICHWANI TUONE." Niliwaambia watoto hizo si kazi halali, mtu ameingilia kalenda. Wakanijibu kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kuwa kalenda ikisema imesema. Nikabeba kuni. Nusu ya kijiji ilikuwa na shughuli karibu na njia yetu asubuhi hiyo.

Tulilima na matuta. Wanyamwezi hutengeneza matuta makubwa. Ukichuchumaa upande wa pili hauonekani, na sehemu ya kazi yangu siku ile niliifanya nikiwa sionekani.

Lakini mama wa misiba yote ni Majilio ya tatu. Mishumaa niliyotoka nayo Dar ilikuwa minne. Miwili ya kwanza iliwaka vizuri kwa makaa ya jirani. Miwili iliyobaki panya waliitafuna, wakaniachia tambi nyeupe zimelala kwenye kijisanduku kama tambi za kula. Nilipoona vile nikakata tamaa, nikasema basi, tuwashe tochi ya simu. Hapo ndipo mama mkwe alipoingia chumbani mwake, akatoka na bonge la rangi ya kahawia iliyoiva, kubwa kama kichwa cha mtoto. Nta. Tabora ni nchi ya nyuki. Mizinga ya magome iko juu ya miti misituni, na mjini wana chuo kizima cha ufugaji nyuki. Asali ya nyumba ile huliwa na nta huwekwa, maana daima kuna siku nta itahitajika. Siku yenyewe ikawa hiyo.

Alinifundisha mwenyewe. Unakata kikonyo cha jani la mpapai, kile kirefu, ambacho ndani ni mrija mtupu. Unasokota uzi wa pamba mara tatu, unaupitisha katikati, unaufunga juu kwenye kijiti ili usimame wima. Chini unaziba kwa udongo. Nta unaiyeyusha ndani ya sufuria ndogo iliyokaa kwenye maji ya moto, taratibu, kisha unachuja kwa kitambaa, taka zinabaki, na kinachopita kinang'aa kama chai ya rangi. Unamimina. Ikiganda unachana mpapai kama unavyomenya muwa. Watoto walikaa kimya nusu saa nzima bila simu, na mimi nilianza kutunga kichwani jinsi nitakavyowasimulia wenzangu kazini.

Kosa tulilofanya ni la wakati. Kazi hii tulianza saa nne asubuhi, uani, jua limetoka baada ya mvua, na harufu ya nta yenye mabaki ya asali ikapanda juu ya kijiji. Kwanza alikuja nyuki mmoja. Akazunguka sufuria, akaenda zake. Mama mkwe akasema, "Huyo kaenda kuwaita." Mimi nikacheka, nikidhani ni utani.

Baada ya robo saa sikuwa nacheka. Shemeji, mtaalamu wa kalenda, alitoka mbio mpaka akaacha kandambili moja uani na nyingine barabarani. Watoto waliingia ndani wakafunga mlango, na wakagoma kabisa kunifungulia. Mimi nilijifunika khanga nikaingia banda la mbuzi, ambamo beberu aliyenunuliwa kwa ajili ya Krismasi alinipokea kwa mashaka. Mama mkwe hakuinuka kwenye kigoda. Alitupia majani mabichi motoni, moshi ukafuka, akaendelea kumimina nta kwenye mpapai wa tatu huku nyuki wakimtembea mkononi kama wageni wanaojuana na mwenyeji. "Tulia, Mzaramo!" aliniita kutoka ndani ya moshi. "Wanataka asali tu, hawana habari na wewe!"

Mmoja alikuwa na habari na mimi. Alinipata mdomo wa juu. Kanisani Jumapili nilikaa benchi la nyuma, mdomo umetangulia mbele kama mwamvuli, na kila wimbo ulioimbwa mimi niliuunga kwa pua.

Tarehe 24, jioni, lilibaki kasha moja. Ndani yake nilikuwa nimeandika maneno marefu kuhusu shukrani na familia, maneno ambayo niliyafanyia kazi siku mbili na kuyapenda sana. Kitinda mimba akalivuta. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na njiti moja. Akaligeuza lile kasha: ubavu mmoja ulikuwa umefunguliwa, karatasi ya pinki imeloweshwa taratibu kwa maji na kubanduliwa na mtu mwenye subira, ngozi ya kuwashia imebaki salama. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Mtoto akakwaruza. Ikawaka. Mishumaa minne, iliyonuka msitu na kidogo mbuzi, ikawashwa kwa njiti ya kwanza kuwaka katika nyumba ile kutoka kwenye kopo langu.

Mwaka uliofuata, katikati ya Novemba, simu ililia usiku. Mama mkwe hapigi simu usiku bila msiba, nikapokea nikiwa nimesimama. Baada ya salamu zote akaniarifu kwamba ana makasha 22 matupu, ameyatunza mwaka mzima chini ya kitanda, na yamebaki mawili ambayo bado yana njiti. Anawasha moto hata pasipo na cha kupika ili yaishe kabla hatujafika. Nije na karatasi, akasema, lakini ya kijani, maana ile ya pinki ndiyo iliyoita nyuki.

"Na mkamwana."

"Abee, mama."

"Mbavu usiguse."