Yah: Ombi la Kuhakiki Migongo ya Makuli

Kwa Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Vipimo.

Nakala: Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), wakurugenzi wa halmashauri zote zenye soko la mazao.

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nakupongeza wewe na maofisa wako kwa vita dhidi ya lumbesa. Miaka nenda rudi mmelieleza taifa kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kwamba kile kilemba cha kamba kinachosukwa juu ya gunia la viazi, kikabeba madebe ya ziada bila bei kupanda, ni dhuluma kwa mkulima. Mkulima wa Njombe mmemtetea. Mnunuzi mmemtetea. Hata halmashauri mmeitetea, maana ushuru ukihesabiwa kwa gunia, kilemba kinapita bure. Nimesoma matangazo yenu nikimtafuta mtu mmoja zaidi, yule anayekaa chini ya gunia, sikumwona. Nadhani gunia lilimziba.

Ndipo ninapoleta ombi langu. Kwa mujibu wa sheria mnayoisimamia, mzani unaotumika katika biashara huhakikiwa kila mwaka. Ofisa huukagua, akiridhika huupa stika. Ukiwa na hitilafu haufanyi kazi mpaka utengenezwe. Naomba mgongo wa kuli nao usajiliwe kuwa mzani. Sifa zote unazo. Unatumika katika biashara, unapokea mazao ya kila namna, na kuli mzoefu akishatwikwa hahitaji kuambiwa kama gunia limezidi. Akisajiliwa atapata kitu ambacho mzani unacho na yeye hana, yaani mtu wa serikali wa kumtazama japo mara moja kwa mwaka. Kwa utaratibu wa sasa mzani uliopinda unaondolewa sokoni, na kuli aliyepinda anahamia kwenye mchicha, ambako mzigo ni mwepesi na ujira pia.

Naomba sasa tuzungumzie kilo 100 zenyewe, zile za halali. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 127 kuhusu uzito wa juu anaoruhusiwa kubeba mfanyakazi mmoja, pamoja na Pendekezo Na. 128 linalotaja kilo 55 kwa mwanaume mtu mzima. Kwa hesabu hiyo gunia la raia mwema, lisilo na kilemba hata cha kutania, linakaribia mara mbili ya kiwango. Lumbesa ni kosa lililopandishwa juu ya kosa jingine, nasi tumekamata lile la juu.

Wengine wana roho nyepesi zaidi. Taasisi ya Marekani ya NIOSH ina fomula ya kunyanyua mizigo, iliyorekebishwa mwaka 1991, na fomula hiyo inaanzia kilo 23. Hizo ni za mazingira mazuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hakuna kujipinda, pa kushika papo. Ukianza kujipinda, kilo zinapunguzwa. Fomula haina mahali pa kuandika ubao wa lori la Fuso uliolowa mvua za masika. Kule Uingereza mfuko wa kawaida wa saruji ni kilo 25. Wetu ni 50, na sijaona ushahidi kwamba mafundi wa Uingereza wameumbwa kwa uti wa mgongo mfupi. Majirani zetu Kenya, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, waliamua gunia lisizidi kilo 50. Utekelezaji wao umekuwa wa kusuasua, wafanyabiashara hawajauaga ule mfuko wao wenye kilemba, lakini angalau nambari imeandikwa. Sisi nasi tuna nambari, ila iliwekwa kwa ajili ya mazao, si kwa ajili ya mgongo.

Nikueleze kinachotokea ndani ya mzani huu, ili ofisa wako ajue pa kukagua. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski laini. Mtu akibeba mzigo mkubwa siku baada ya siku, akiinama na kujigeuza huku ameelemewa, diski huchakaa, huweza kupasuka ikatokeza nje na kugandamiza mishipa ya fahamu. Maumivu huanzia kiunoni yakashuka pajani mpaka kwenye unyayo, na mguu ukafa ganzi. Shingo nayo ina yake, kwa wanaobeba kichwani na ngata. Halafu iko ngiri: nguvu ya kunyanyua husukuma utumbo upenye mahali palipolegea kwenye ukuta wa tumbo. Matibabu yanayopatikana karibu na soko ni vidonge viwili vya maumivu, diklopa, na chai. Dawa hizo zikimezwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, huumiza tumbo na figo, kwa hiyo mwenye mgongo mmoja mbovu anaishia kuwa na viungo vitatu vibovu. Lakini gunia lilifika.

Utaniuliza mwajiri wake ni nani, na hapo, Ndugu Mtendaji Mkuu, nakiri kwamba soko letu limefanya ufundi wa hali ya juu. Mwenye viazi anasema yeye ni mteja tu, amelipia gunia moja lishuke. Dalali anasema yeye anauza, habebi wala habebeshi. Dereva wa Fuso mkataba wake unaishia kwenye bodi la gari. Uongozi wa soko unasema wale ni vijana wamejiajiri, na halmashauri inasema ipo kwa ajili ya kukusanya ushuru na kuzoa taka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unaendeshwa kwa michango ya waajiri; hapa watu watano wanamtuma mtu mmoja na hakuna hata mmoja aliye mwajiri. Wakati wa kumtwika, wanatokea watu watatu kumsaidia. Wakati wa kwenda hospitali anatokea bodaboda, naye anataka nauli.

Sababu ya lumbesa mnaijua kuliko mimi. Usafiri unalipwa kwa gunia, kushusha kunalipwa kwa gunia, na pengi ushuru nao ni hivyo hivyo. Mwenye akili timamu atajaza gunia moja lipasuke kuliko kulipia mawili. Hivyo kila kilo ya kilemba inayomwibia mkulima shambani inabebwa bure mjini. Kuli halipwi hata senti kwa ziada hiyo, na hakuna tangazo linalosema ameibiwa. Yakiwa magunia ya kilo 50, atakwenda safari mbili na kulipwa mara mbili. Ndiyo maana pendekezo hilo likitajwa mbele ya wafanyabiashara watu wanakumbuka ghafla kwamba wana kikao kingine.

Kwa ndugu zetu wa OSHA wanaopata nakala hii: Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inawakabidhi usalama na afya mahali pa kazi, na soko la mazao ni mahali pa kazi kuliko ofisi nyingi ninazozifahamu. Kila tarehe 28 Aprili dunia inaadhimisha siku ya jambo hili, nasi tunavaa fulana na kofia, tunasikiliza hotuba chini ya maturubai. Mwaka ujao naomba ratiba iongezwe kipengele kimoja, mgeni rasmi ashuhudie maturubai na viti vikishushwa, na aulize walioshusha wana bima gani.

Ukaguzi wa migongo ukikubaliwa, maofisa waje usiku wa manane. Asubuhi magunia yameshapangwa, soko limefagiliwa, na wenye maumivu wamelala.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mla Chipsi,
Dar es Salaam.

Kiambatisho: gunia moja la viazi, kilo 100 kamili, halina kilemba. Liko getini kwenu. Mlinzi amesema mizigo hairuhusiwi kwenye lifti, hivyo naomba umtume ofisa mmoja, mwanaume mtu mzima, alipandishe kwa ngazi.