Mwongozo wa Kufuga Usichokiona

Kwanza, mjue mfugo wako. Anaitwa Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni. Mjerumani Ehrenberg alimwandika mwaka 1835, na mwaka 1872 Cohn akampa jina analotumia hadi leo. Ndugu yake wa damu ndiye anayechachusha soya ya Wajapani iitwayo natto, yenye harufu ya kukumbukwa. Kwa hiyo harufu wanayo, ila wameiacha Japani. Ukimmwaga kwenye mizizi ya nyanya, hujitanda juu yake kama ute, hula sukari inayovuja humo, na kuvu akija anakuta viti vimeshakaliwa. Akilazimisha kuingia, hutemewa kemikali zinazotoboa ngozi ya chembe zake. Mche nao hushtuka, ukaanza kujilinda hata kwenye majani ambako bakteria hajafika. Yote hayo hufanyika chini kwa chini, kimya kimya. Angalia: kisichonuka hakiaminiki.

Sasa nenda duka la pembejeo. Namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na tarehe ya mwisho wa matumizi zimeandikwa kwa herufi ndogo; ziruke. Uliza swali linaloulizwa na kila mtu: "Hii inaua?" Muuzaji atakujibu, "Inaua sana, mzee," maana anajua akisema "inazuia" utaaga. Chagua pakiti iliyokaa dirishani tangu masika, ile iliyopauka kwa jua. Bacillus huenda akastahimili, kwani shida zikizidi hujifungia ndani ya ganda gumu akalala hata miaka. Mwenzake, Pseudomonas fluorescens, ganda hana. Huyo dirishani hapo alishamaliza safari. Angalia: pakiti ya walio hai na pakiti ya maiti bei ni moja.

Nyumbani, iweke pakiti juu ya kabati na usubiri ugonjwa. Hapa usikosee. Maelekezo yanasema bakteria wapakwe kwenye mbegu au wamwagwe kitaluni mapema, lakini siku hiyo miche ilikuwa mizuri, na nani hutoa hela kwa ajili ya miche mizuri? Wewe endelea kusia mbegu kama unarusha mchele harusini, mwagilia asubuhi, mwagilia jioni, na siku ya mawingu mwagilia tena kwa mapenzi. Kisha alfajiri moja chuchumaa kitaluni. Mche uliokuwa umesimama jana umelala. Unyanyue kwa vidole viwili: shina limebanwa usawa wa udongo, jembamba kama uzi, rangi ya chai ya rangi. Majani bado mabichi kabisa, hayajapata habari. Huyo ni kinyausi, na ameshamaliza kazi. Sasa kimbia ukachukue pakiti. Angalia: bakteria hawafufui.

Tayarisha mchanganyiko. Bomba lako la mgongoni lina ukoko wa bluu shingoni, mabaki ya dawa ya shaba ya wiki iliyopita. Usilioshe. Shaba hutumika kuua bakteria wa magonjwa, nayo haiulizi nani mwema nani mbaya. Jaza maji ya mferejini yenye klorini ya kutosha, mimina unga wako wenye bakteria kwa mamia ya mamilioni katika kila gramu, halafu ongeza kifuniko kimoja cha dawa ya ukungu "ili wasaidiane". Hakuna atakayekucheka, hata jirani yako hufanya hivyo, na ndiye aliyekufundisha. Nyunyizia saa saba mchana, jua likiwa utosini, na nyunyizia majani, kwa sababu majani ndiyo yanayoonekana. Mizizi haina wageni wa kuitembelea. Angalia: wale wanaonyunyizia jioni ni watu wasio na mpira wa kutazama.

Bado tathmini. Usiache tuta hata moja bila dawa ili upate kulinganisha. Majirani watasema umeishiwa. Miche ikipona, tangaza kwamba mwaka huu ugonjwa haukuja. Ikifa, tangaza kwamba bakteria ni utapeli wa mjini. Kwa njia hii Bacillus hawezi kukushinda, hata afanye nini. (Mimi mwenyewe nimewahi kutoa hukumu zote mbili kwa kitalu kimoja, kabla na baada ya chakula cha mchana.)

Jumamosi rudi dukani. Safari hii huna haja ya kuuliza swali. Muuzaji atakusoma usoni na kukuwekea mezani ile chupa inayowasha macho hata kabla haijafunguliwa. Inuse, kohoa, tikisa kichwa kwa heshima. Nunua na barakoa. Hutaivaa.