Picha Haiji

Kompyuta ya mezani ikigoma kuonyesha picha, hakuna mtu mtaani asiyejua sababu. Muuza chipsi anajua. Dereva wa bodaboda anajua. Fundi friji, ambaye alikuja kudai hela yake ya mwezi uliopita, anajua kuliko wote. Aliweka kiganja juu ya boksi, akafumba macho, akasema, "Hii haisukumi." Haisukumi nini, hakufafanua, nasi tuliona haya kuuliza mbele ya mtu anayetudai.

Mashine yenyewe ni ya mpwa wangu. Alikuja kwetu kuanza chuo akiwa na begi moja la nguo na kompyuta ya mtumba, zile zilizofanya kazi maofisini Ulaya zikastaafu, kisha zikaja Kariakoo kuanza ajira upya. Mama yake aliambiwa ni ya masomo. Mimi niliambiwa ni ya masomo. Lakini kadi ya grafiki iliyofungwa ndani yake ina feni mbili, na sijapata kusikia somo la uhasibu linalohitaji feni mbili.

Siku hiyo taa ziliwaka, feni zikazunguka, lakini monita ikaandika tu kwamba haipati signali. "Mjomba, kadi imekufa," akasema mpwa wangu, kwa huzuni ya mtu ambaye bei ya kadi mpya ameshaiulizia.

Akaitwa kijana wa mtaa wa pili anayetengeneza kompyuta. Huyu angalau alisikiliza kwanza. Boksi lilikuwa likilia "pii, pii", na milio hiyo ndiyo njia ya mazabodi kutoa malalamiko. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake, ila mara nyingi inayolalamikiwa ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Akachomoa umeme, akagusa bati la boksi ili umeme tuli ulio mwilini mwake usiunguze kitu, akafungua. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kuotesha mchicha, na mende mmoja aliyetutazama, akaona hatukufuata kodi, akarudi zake ndani.

Kijana akachomoa RAM, akaomba raba. Binti yangu wa darasa la tatu akatoa yake, ile yenye harufu ya stroberi, kwa sharti irudi. Meno ya dhahabu ya RAM yakasuguliwa taratibu, yakapanguswa, RAM ikarudishwa mpaka vishikizo vya pembeni vikasema "ta". Meno yale yakishika uchafu umeme haupiti sawasawa, basi, ndiyo ugonjwa wote. Akawasha. Picha ikaja. Sebule nzima ikanukia stroberi na ushindi.

Ushindi haukufika jioni. Mpwa wangu alifungua gemu la mpira, na kila mchezaji akawa anafikiria kabla ya kuinua mguu. Mshambuliaji anapiga shuti, unakwenda jikoni kunywa maji, unarudi, mpira ungali hewani. Washauri wote wakarejea. Fundi friji akatukumbusha kwamba yeye alishasema haisukumi.

Kisa kilikuwa nyuma ya boksi. Huko kuna matundu ya picha ya aina mbili. Yaliyo juu, jirani na ya USB, ni ya mazabodi. Yaliyo chini, yamepangwa kwenye bamba lao wenyewe, ni ya kadi ya grafiki. Waya wa monita ulikuwa juu. Kwa hiyo picha ilichorwa na ule uwezo mdogo uliomo ndani ya prosesa, huku kadi ya feni mbili imekaa chini inajipepea. Na afadhali hata hiyo picha ya kusuasua tuliipata, maana zipo prosesa, kama zile za Intel ambazo namba zake huishia na herufi F, ambazo hazina sehemu hiyo kabisa. Ukichomeka juu, utakodolea giza mpaka kesho. Aliyechomeka waya pale hajapatikana. Kwa maelezo ya kila mmoja, siku hiyo hapakuwa na mtu nyumbani.

Kuhamia chini kulitaka kuchagua. Katoni ya waya iliyo uvunguni ina historia nzima ya fani hii. Kuna VGA ya buluu, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, yenye skrubu mbili ambazo akizikaza mtu mmoja huzifungua ukoo. Kuna DVI nyeupe ya mwaka 1999. Kuna HDMI ya mwaka 2002, inayochomoka ufagio ukiigusa. Na kuna DisplayPort ya mwaka 2006, yenye vijino viwili ving'ang'anizi: ukivuta bila kubonyeza kitufe chake, monita inakufuata.

Kariakoo, muuzaji alimsifia mpwa wangu waya wa HDMI wenye ncha za dhahabu, eti rangi zinawaka zaidi. Lakini signali ya HDMI ni ya kidijitali: ikifika imefika, isipofika utaona vimulimuli au giza. Dhahabu inazuia kutu, haiongezi kijani cha uwanja. Cha kutazama ni kiasi kinachopita. HDMI 1.4 ikibeba 4K huishia picha 30 kwa sekunde; 2.0 hufika 60; na 2.1, yenye gigabiti 48 kwa sekunde, hufika 120. Kutoa fedha zote zile kwenye kadi halafu ukaifunga kwa waya wa kuokota ni kununua ng'ombe wa maziwa ukamkamulia kwenye kikombe cha kahawa.

Tukachukua DisplayPort, kwa kuwa monita yake ni ya hezi 144, yaani picha 144 kwa sekunde. Siku kadhaa mpwa wangu akatusimulia ulaini wa hezi 144, na jinsi macho yake yasivyoweza tena kurudi kwenye 60. Binti yangu akafungua mipangilio ya skrini. Windows ilikuwa bado 60. Akabadilisha, hakusema neno, akaenda zake.

Kisha wakaja marafiki, mmoja na PlayStation yake. Wakaiunga na monita kwa waya ambao upande mmoja ni HDMI na mwingine DisplayPort. Giza. Wakageuza monita, wakageuza PlayStation, wakakaribia kugeuza meza. Waya wa aina hiyo huenda upande mmoja tu: DisplayPort ya kompyuta hujua kutoa signali ya HDMI ikihitajika, lakini DisplayPort ya monita haijui kuipokea.

Ikabaki televisheni ya sebuleni. Ina matundu mawili ya HDMI, moja limekufa tangu radi ya masika, na la pili ni la king'amuzi. Wakachomoa king'amuzi. Saa mbili kasorobo usiku, shangazi akatoka chumbani na rimoti. Vijana wakampigia shikamoo kwa pamoja, wakamweleza habari za hezi, gigabiti na DisplayPort. Akawasikiliza mpaka mwisho, bila kuwakatiza.

"Hiyo DisplayPort yenu," akauliza, "ina taarifa ya habari?"

"Haina, shangazi."

"Basi chomoeni."