Hidaya Isiyofungwa Utepe

Mei 2024 pwani ya Tanzania ililetewa Hidaya. Haikufungwa utepe; kilikuwa kimbunga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, boti za Zanzibar zikasitisha safari, na tarehe 4 mgeni akatua Mafia. Kusini, mafuriko yakakata barabara ya Lindi pale Somanga, magari yakapanga foleni mbele ya daraja lisilokuwepo.

Mwenzake Jobo, kimbunga cha Aprili 2021, angalau alikuwa na adabu: alifia baharini.

Wakazi wa Dar es Salaam bahari haiwatishi sana. Barabara ya Barack Obama ina ukuta wake, uliokamilika 2018, na jioni wapenzi huukalia wakichovya mihogo kwenye chachandu, wimbi likigonga chini ya visigino vyao. Mbele pamezibwa barabara.

Maji, bahati mbaya, yanaujua mlango wa uani. Mvua ikikolea, Mto Msimbazi huingia Jangwani bila hodi, palipojengwa karakana ya mabasi yaendayo haraka, katikati ya bonde. Siku hizo ndipo mabasi hayo huondoka haraka kweli, ya mwisho yakiwa na maji hadi ngazini.