Umepangiwa Nchelenge? Hongera na Pole

Barua ya uhamisho inasema utakuwa mkuu wa polisi Nchelenge, mkoani Luapula, kando ya ziwa Mweru. Wenzako Lusaka wamekupa mkono, wengine wakiuma midomo wasicheke. Usiwajali. Fuata mwongozo huu neno kwa neno, na kabla mvua za pili hazijanyesha utajulikana kuanzia Kashikishi hadi Chiengi, tena kwa jina la utani ambalo hutaambiwa.

Ingia kwa kishindo. Siku ya kwanza mwamuru dereva ashushe Land Cruiser hadi ufukweni Kashikishi, watu waone serikali imefika. Utaona mchanga unametameta kama bati jipya. Huo si mchanga. Ni chisense, visamaki vidogo kuliko kidole, vilivyoanikwa tangu alfajiri vikauke vipate kufungwa kwenye magunia. Pita juu yake. Egesha hapo hapo, tena mlango ufunguke upande wa mzigo. Mama mwenye mali atainuka, atatazama tairi, atakutazama wewe, atapiga goti kidogo na kukuamkia kwa Kibemba, "Mwashibukeni mukwai, ba OC." Kisha atanyamaza. Tafadhali usimuulize kwa nini amenyamaza. Ukimuuliza utaharibu kazi yote.

Machifu nao waache. David Livingstone alipofika pande hizi mwaka 1867 alipitia kwa chifu Mwata Kazembe, na huko alimkuta mfanyabiashara Muhammad bin Saleh amezuiliwa kwa miaka, hana ruhusa ya kuondoka. Lakini hao hawakuwa na pingu wala redio ya mkononi. Wewe unazo, hodi ya nini? Kwa Kambwali na kwa Kanyembo tuma barua yenye mhuri, aipeleke konstebo kijana asiyejua Kibemba. Kapaso, mjumbe wa chifu, ataipokea kwa mikono miwili. Jibu utalipata siku utakapohitaji msaada.

Jifunze ramani vibaya. Msomaji wa Kiswahili anaijua Kilwa ya Lindi. Huku ziko mbili zaidi. Kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, mji wa Kilwa uko ng'ambo, Kongo. Ukisikia kuna fujo "Kilwa", usiulize ipi. Pakia askari wanane na bunduki kwenye boti, uende. Ukikosea utapokewa na wanajeshi wa nchi nyingine, na maelezo yako yatasomwa Mansa, kisha Lusaka, kisha Kinshasa.

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Hapa ndipo nyota yako itakapong'aa. Kamata mwenye ndoo. Kamata bibi mwenye samaki watatu aina ya mpale kwenye beseni, umpige picha na beseni lake. Hesabu ya waliokamatwa itapanda, na taarifa ya mwezi haina safu ya kuandika ukubwa wa mzigo. Lori lililofunikwa turubai, linalonuka hadi ndani ya ofisi yako, hilo ni la mtu wa maendeleo; lipungie mkono. Asubuhi waite wavuvi uwahutubie kuhusu ubaya wa kutumpula, yaani kupiga maji ili samaki wakimbilie nyavuni. Watakusikiliza kwa adabu. Wengine usiku walilisikia lori.

Kiswahili usikitumie, hata kama unakijua. Tangu 2018 wilaya ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yenye watu waliokimbia vita Kongo, na wengi wao Kiswahili ndicho lugha ya kuelezea shida. Mama akija kaunta akisema mtoto wake hajarudi toka jana, mwambie aandike kwa Kiingereza.

Bondi ya polisi Zambia, yaani dhamana, ni bure, na vituoni huwa imeandikwa hivyo. Ning'iniza koti lako juu ya bango.

Na mtu akikukumbusha kwamba tangu 1996 jeshi la polisi la Zambia linaitwa huduma ya polisi, mwambie Kenya nao walibadili jina kwa katiba ya 2010. Jina hupakwa ukutani siku moja. Mimi nimesubiri huduma hiyo kwenye benchi moja la mbao, kituo nisichokitaja, nikahesabu misumari yote ya lile benchi.

Mwongozo una kasoro moja. Itaibwa injini ya boti ya mkubwa fulani, na Lusaka watapiga simu kila saa. Utahoji ufukwe mzima: hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, usiku ule wote walilala mapema. Ukichoka, iache Land Cruiser juu barabarani, shuka kwa miguu bila kofia, ukizunguka chisense za watu. Yule mama atakuwepo, anageuza mzigo wake. Atauliza gari liko wapi. Ukishamjibu, atakusogezea gunia ukalie, na ataanza na habari za mvua. Msikilize za mvua.